Kabla hujanunua kontroli boksi, pima pini ya 6 na ya 14 za soketi ya skana

Ndugu yangu wa Mbale, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema tangu mvua zianze gari linawasha taa ya ABS (mfumo wa breki), ya usukani na ya injini kwa mpigo mmoja, mshale wa spidi unaanguka hadi sifuri ukiwa barabarani, gia inang'ang'ania pale pale bila kubadilika, halafu ukizima na kuwasha tena linatulia. Fundi wako amechomeka skana, kile kifaa cha kusoma makosa ya gari, zikatoka kodi (namba za makosa) U0100 na U0121, akakwambia kontroli boksi ya injini, yaani kompyuta inayoiongoza, imekufa, ukatafute nyingine Kisekka, soko la vipuri la Kampala, kwa shilingi laki tisa. Nakuomba pesa hiyo ikae mfukoni kwanza. Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Tororo, na ugonjwa wa namna hii unaniletea wateja kila msimu wa mvua. Waliokuja wakiwa wameshanunua boksi ndio wanaoniuma roho, kwa sababu wengi wao boksi ya zamani ilikuwa nzima.

U0100 haisemi kwamba boksi ya injini ni mbovu. Inasema kuna boksi nyingine ndani ya gari iliyokuwa ikisubiri habari kutoka kwa ile ya injini, na habari hazikufika. Ukimpigia mtu simu asipatikane, husemi amefariki. Huenda chaji imemwishia, huenda mtandao umekatika. U0121 nayo ni malalamiko yale yale, safari hii asiyesikika ni ABS. Na hapo ndipo mimi naanza kuutilia shaka ule uamuzi wa fundi wako: boksi mbili haziwezi kufa siku moja kisha zikafufuka kwa kuzungusha ufunguo. Kinachofanya hivyo ni waya unaogusa na kuachia.

Boksi hizi zinazungumza kupitia waya mbili zilizosokotwa pamoja, CAN H (ya volti ya juu) na CAN L (ya volti ya chini). CAN ni mfumo wa mawasiliano ya boksi za gari, ulioletwa na Bosch mwaka 1986. Zimesokotwa kwa sababu kelele ya umeme ikiingia, inaziingia zote mbili sawasawa, na boksi inayopokea inasoma tofauti kati yao tu, kwa hiyo kelele inajifuta yenyewe. Kila mwisho wa laini kuna resista, yaani kipande kinachopinga umeme, ya omu 120. Resista mbili za 120 zikiwa sambamba zinakupa 60, na hiyo 60 ndiyo namba ya kuweka kichwani.

Kabla ya kugusa CAN, hakikisha betri. Mtu anaruka hatua hii halafu anapoteza siku nzima. Betri ikichoka, wakati wa kupiga stata volti zinashuka chini ya 9 au 10, boksi zinazima na kuamka ovyo, kila moja inaandika kwamba haikumsikia mwenzake. Pima pia kati ya chuma cha injini na nguzo ya hasi ya betri huku mwenzako anapiga stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, waya wa hasi unaofungwa kwenye injini au bodi una kutu au umelegea. Kisha futa kodi zote, endesha, uone zipi zinarudi. Kodi ya zamani inaweza kuwa ilibaki tangu siku betri ilipobadilishwa.

Sasa soketi ya skana chini ya usukani. Zima gari, toa ufunguo, fungua hasi ya betri, subiri dakika chache, maana boksi zikiwa bado ziko macho mita itakudanganya. Weka mita kwenye omu, ncha moja pini ya 6 na nyingine pini ya 14. Ukipata karibu 60, resista zote mbili zinaonekana. Ukipata 120, upande mmoja wa laini umekatika. Ukipata karibu na sifuri, H na L zimegusana mahali. Ukipata 40, kuna aliyeongeza resista ya tatu, na hilo nimeliona kwenye gari lililowekewa boksi isiyo yake. Kumbuka tu kwamba baadhi ya magari, hasa ya Ulaya, yana boksi ya lango, inayopitisha habari kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, kati ya soketi na mitandao mingine, kwa hiyo 60 ya pale inakueleza kipande hicho peke yake.

Rudisha betri, washa swichi bila kupiga stata, pima volti ukitumia pini ya 4 kama hasi. Pini ya 6 iwe juu ya 2.5 kidogo, pini ya 14 iwe chini yake kidogo, na ukizijumlisha upate karibu 5. Laini ikiongea, H inapanda hadi 3.5 na L inashuka hadi 1.5, ila mita ya kawaida haiwezi kufuata mwendo ule, inakupa wastani. Ukikuta 12, laini imegusa umeme wa betri. Ukikuta sifuri, imegusa bodi.

Nikusimulie gari moja lililofanana na lako kabisa, saluni ya Kijapani. Mwenyewe anaenda Malaba na kurudi kila siku. Likipita tuta, taa zote. Nilipima 6 na 14 nikapata 60 safi, na fundi mwenye haraka angeishia hapo aseme laini nzima. Nikamwambia kijana wangu aniangalizie mita huku mimi natikisa mafungu ya waya moja moja. Kwenye injini, kimya. Chini ya kapeti, kimya. Nilipoingiza mkono chini ya usukani na kuvuta kifungu kidogo kuelekea kulia, kijana akapaza sauti: "Mia na ishirini! Sitini! Mia na ishirini!"

Hapo nikapata tepu nyeusi iliyoyeyuka gundi. Aliyefunga traka, kifaa cha kufuatilia gari lilipo, alikuwa amemenya CAN H kwa kisu, akauzungushia waya wake juu na kufunika. Nilipoibandua, unga wa kijani ulidondoka kwenye kiganja. Nyuzi za shaba zilikuwa zimeliwa zote ikabaki moja, nyembamba kama unywele, ikigusa na kuachia kila gari likitikisika. Upande wa pili wa jeraha lile kulikuwa na resista moja pamoja na nusu ya boksi za gari. Nilikata sehemu iliyooza, nikaunga kwa risasi ya kuyeyusha kwa pasi ya fundi, nikavisha mpira wa kusinyaa kwa joto, nikazisokota waya mbili tena hadi karibu na kiungo. Usiziache zimenyooka, msokoto ndio kinga yake. Traka niliipa umeme wake pembeni, mbali na CAN. Gari halijarudi.

Kwako, kwa sababu tatizo limekuja na mvua, mimi ningetazama mahali maji yanapoingia: soketi ya ABS karibu na gurudumu la mbele, na soketi za chini ya kapeti upande wa miguu. Bonyeza kapeti kwa kiganja, uone kama linatoa maji. Mita ikionyesha karibu na sifuri, chomoa boksi moja moja hadi namba irudi juu. Ile iliyoirudisha, yeye au soketi yake ndiye mwenye kosa. Angalia hapa usidanganyike: ukichomoa boksi yenye resista ndani yake, utasoma 120 na hilo ni sawa, na mara nyingi boksi ya injini ni mojawapo. Boksi isiyo na resista ukiichomoa namba haibadiliki.

Na kuhusu ile ya Kisekka, hata kama ingehitajika, gari lenye ufunguo wa chipu mara nyingi haliwaki na boksi ya gari jingine mpaka ilinganishwe na ufunguo wako. Muulize anayekuuzia hilo ni nani atakayelifanya.

Kesho asubuhi kabla hujawasha, fungua hasi, pima 6 na 14, tikisa waya za chini ya usukani huku mtu anaangalia mita. Niandikie hapa namba ulizopata, mwaka wa gari, na kama kuna alamu au traka iliyofungwa baada ya kulinunua.