Hadidiski inakufa kwenye laptopu ya zamani: usipige Windows kwanza, toa data

Mkuu nimesoma ulivyoeleza, laptopu ya zamani, ukiwasha inakaa muda mrefu ndo itulie, ukifungua folda la picha inaganda, taa ya diski haizimi, kuna wakati inatoa tik tik, na fundi kakwambia Windows imechoka apige upya. Naomba sana usimpe hiyo kazi bado. Hizo dalili kwa asilimia kubwa ni za hadidiski yenyewe, na kupiga Windows kwenye diski inayokufa ndo namna ya haraka ya kupoteza picha zako, maana anaweza akafuta patisheni yenye vitu vyako, na hata asipofuta diski iliyochoka inalazimishwa kuandika magigabaiti juu ya sehemu ambazo leo bado zinasomeka.

Mimi nina steshenari, laptopu ya kuchapia ilikuwa na hadidiski ya inchi 2.5, zile za mzunguko 5400 kwa dakika, na betri ilishakufa zamani kwa hiyo umeme ukikatika inazima palepale hata kama iko katikati ya kuandika. Laptopu nyingi za mtaani zinaishi hivyo, na nyingine zinabebwa kwenye bodaboda zikiwa zimefunikwa tu bila kuzimwa, diski inazunguka ndani ya begi. Ilipoanza kuganda niliweka CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, ni ya bure na ni ndogo, ikaniletea Caution ya njano. Sasa wengi wanaishia kwenye rangi. Wewe angalia mistari mitatu: 05, C5 na C6. 05 ni sekta, yaani vipande vidogo vya diski vinavyobeba data, ambazo zilishaharibika na diski ikazihamishia kwenye akiba yake, C5 ni sekta ambazo imeshindwa kuzisoma na zinasubiri hatima yake, C6 ni zile zilizoshindikana kabisa. Kuna kitu kinachanganya watu hapo, namba za upande wa kulia zimeandikwa kwa heksadesimali, yaani hesabu ya kumi na sita badala ya kumi, ukiona 1C8 mwishoni hiyo ni 456. Nenda Function, Advanced Feature, Raw Values, chagua 10 [DEC] utaziona kwa namba za kawaida. Halafu usiangalie mara moja tu, rudi kesho yake. Ya kwangu C5 ilikuwa inapanda kila nikifungua, hapo hakuna mjadala tena, diski inaondoka. Ila kama hizo tatu ni sifuri na inayopanda ni C7 peke yake, mstari wa makosa ya data ikiwa njiani, mara nyingi shida ni kebo au soketi inayounganisha diski, fungua chini uichomeke vizuri kabla hujaingia gharama.

Na hii naisema kwa sababu nimeona wateja wangu wakilizwa: mtu anapeleka laptopu kwa fundi, diski inafomatiwa yote, anarudishiwa CrystalDiskInfo ikionyesha Good ya bluu na anaambiwa imepona. C5 inaweza kushuka kweli baada ya kufomati yote, kwa sababu sekta iliyokuwa inasubiri ikiandikwa upya diski inaamua kuirudisha kazini au kuihamisha. Data iliyokuwepo pale haijapona, imefutwa. Na diski ni ileile.

Kwa hiyo kwanza punguza kuitumia, kila dakika inayozunguka inakula uhai uliobaki. Usiendeshe chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski, najua kila mtu anaishauri lakini ile inasoma diski nzima na inarekebisha mpangilio wa mafaili juu ya diski mbovu, kazi yake sio kuokoa data. Usidifragi, yaani usiipange upya mafaili. Usishushe programu ya kurudisha mafaili ukaiweka kwenye diski hiyohiyo. Ya kuweka kwenye friza achana nayo, unaingiza unyevu ndani. Kufungua mfuniko ndo kabisa usijaribu, vichwa vinapita juu ya sahani kwa umbali wa nanomita, chembe moja ya vumbi ni kubwa kuliko hiyo nafasi.

Hiyo tik tik isikilize vizuri. Kama ni ya mara mojamoja na Windows bado inawaka, una muda. Kama inagonga kwa mpigo uleule bila kuacha na BIOS, ile programu ya laptopu inayoanza kabla ya Windows, haiioni diski, zima sasa hivi, hapo mara nyingi kichwa kinachosoma kimeshaharibika na kila ukiwasha kinaweza kukwangua sahani. Hiyo inahitaji watu wenye chumba kisicho na vumbi na vichwa vya kubadilisha kutoka diski pacha, ni ghali, uamue mwenyewe kama kilichomo kina thamani hiyo.

Kama bado inasomeka, anza na vidogo visivyopatikana tena, vyeti ulivyoskani, picha za familia, kazi za chuo, hamishia kwenye flashi isiyo mbovu. Muvi na nyimbo baadaye. Ukiona Windows inaganda kwenye faili moja usiisubiri saa nzima, iruke.

Mimi kwangu ilikuwa inaganda kila hatua nikaacha Windows kabisa. Nilitengeneza flashi ya Linux Mint, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, kwa programu ya Rufus, nikawashia laptopu kutoka kwenye flashi hiyo bila kuinstoo chochote, nikachomeka hadidiski ya nje yenye nafasi kubwa kuliko ile mbovu na isiyo na kitu ninachokihitaji, kwa sababu inafutwa yote. Halafu kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaweka ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu:

sudo apt install gddrescue
lsblk -o NAME,SIZE,MODEL
sudo ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdc /njia/ya/flashi/nyingine/ramani.map

Hapo kwenye lsblk, orodha ya diski zote, tulia, soma ukubwa na modeli mara mbili, maana sda na sdc ni za kwangu, zako zinaweza kuwa na herufi nyingine. Kwenye amri ya ddrescue inayoanza ni diski mbovu, inayofuata ni ile nzima ya nje, ukizigeuza unaandika takataka juu ya data yako. Na hilo faili la ramani, linaloandika ddrescue imefika wapi, liweke kwenye flashi nyingine, usiliache kwenye desktopu ya Mint maana ile inaishi kwenye RAM, umeme ukikatika limepotea. Likiwepo unarudia amri ileile na inaendelea ilipoishia, kwa umeme wetu huu hilo ndo jambo lililoniokoa. Utaona pct rescued, asilimia iliyookolewa, inapanda haraka, kasi ya makumi ya megabaiti, halafu ghafla inashuka inatambaa kwa kilobaiti, ddrescue imefika sehemu mbovu. -n inaiambia ising'ang'anie hapo, ichukue vizima kwanza. Ikimaliza ndo unarudi kwenye vibaya:

sudo ddrescue -f -d -r3 /dev/sda /dev/sdc /njia/ya/flashi/nyingine/ramani.map

Niliiacha usiku na feni inapuliza chini. Asubuhi karibu yote ilikuwa imetoka, mafaili machache hayakufunguka, basi. Chkdsk kama unaitaka ipige kwenye nakala, sio kwenye diski ya asili. Kama una BitLocker, ile ya Windows inayofunga diski kwa siri, tafuta ufunguo kwenye akaunti yako ya Microsoft mapema.

Baada ya hapo ndo ununue SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ya SATA, yaani soketi ya kawaida ya diski za laptopu, ya inchi 2.5, hata laptopu yenye SATA ya zamani ya 3 Gb/s inaipokea na utaona tofauti kubwa. Nyingi ni nene milimita 7, kama ya zamani ilikuwa 9.5 weka kijipande cha kuzibia isichezecheze. Ukinunua ya bei ya ajabu kwa machinga ijaribu na H2testw kabla hujaweka kitu, kuna zinazodanganya ukubwa. Windows 10 ikiwa ilishaamilishwa kidijitali kwenye mazabodi hiyo itajiamilisha yenyewe, ila Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu isiyo na TPM 2.0, chipu ya usalama, hairuhusiwi rasmi kwenda 11, mimi ya steshenari nikaibakisha kwenye Mint na printa inafanya kazi.

Weka hapa picha ya CrystalDiskInfo ikiwa kwenye DEC tuone C5 na C6, na useme hiyo tik tik inaanza ukiwasha tu au ukifungua folda fulani.