Mwambie muuza bucha unataka kipande gani

Swali lenu la wiki hii limeuliza: "Nyama ya ng'ombe unayonunua buchani unailainishaje, na nyumbani kwako mnapenda kipande kipi?" Najibu kutoka Chang'ombe, Dodoma, ambako kila mgeni anayehamia lazima siku moja aseme nyama ya huku ni ngumu. Mimi naona shida inaanzia dirishani kwa bucha. Tunafika, tunasema "nipimie nusu ya steki", tunalipa, tunaondoka. Kwa muuzaji, steki ni mnofu wowote usio na mfupa. Leo umepewa paja, kesho shingo, keshokutwa bega, na wewe zote unazipika vilevile kwa saa ileile.

Ng'ombe wetu wengi wa hapa kati ni zebu wa kienyeji, wale wenye nundu. Wanatembea sana kufuata majani na maji, hasa kiangazi. Kiungo kinachofanya kazi kila siku kinakomaa: miguu, shingo, mabega, kidari. Nyama ya mgongoni haichoki, kwa hiyo ni laini tangu ng'ombe akiwa hai. Ile laini inataka moto mkali wa dakika chache. Ile iliyokomaa inataka moto mdogo na subira. Ukizibadilisha, zote mbili zitakuharibikia.

Nililijua hili kwa mama mkwe wangu, Mgogo wa Mvumi. Mwaka wa kwanza wa ndoa alikuja kututembelea, nami kwa kumheshimu nikanunua sarara, ambayo wengine huiita fileti, nyama ya bei kuliko zote pale buchani. Nikaichemsha na viazi kwa saa mbili nzima. Ikatoka kavu, nyuzinyuzi kama katani. Alikula akamaliza, hakusema neno mbele ya mwanawe. Baadaye tukiwa jikoni wawili ndipo akaniambia, "Mwanangu, ile ungeipitisha tu kwenye mafuta ya moto." Asubuhi akaniomba nimpeleke buchani mwenyewe. Akaonyesha kwa kidole muundi wa mguu wa nyuma, wenye mfupa wake, akataka ukatwe kwa msumeno mapande ya unene wa vidole vitatu, usipigwe shoka, maana shoka linaacha vijiti vya mifupa ndani ya supu.

Huo muundi ndio jibu langu la sehemu ya pili ya swali. Mapande yakiwa mbichi utaona katikati uloto mweupe, na kuuzunguka mnofu mwekundu uliogawanywa na utando mweupe. Wanunuzi wengi wanaukimbia utando ule. Mama mkwe aliutafuta. Ndani yake kuna kolajeni, na kolajeni ikikaa kwenye moto mdogo kwa saa kadhaa inayeyuka, inakuwa ule ute unaonatisha midomo. Namna yake: osha, weka kwenye sufuria nzito na maji ya baridi yanayofunika nyama, kitunguu maji kizima, tangawizi iliyopondwa. Ikianza kuchemka engua povu mpaka liishe. Kisha punguza moto. Kwenye jiko la mkaa alikuwa anatoa makaa nusu na kuyafunika yaliyobaki kwa majivu, maji yakawa yanatoa kiputo kimoja kimoja pembeni. Yakitokota kwa fujo, mnofu unakakamaa na supu inakuwa na ukungu. Saa tatu, wakati mwingine na nusu. Chumvi na kitunguu saumu mwishoni, ndimu kwenye bakuli. Ukichukua kijiko ukabonyeza, nyama inaachia mfupa yenyewe.

Waliotoka Dar es Salaam waongeze muda kidogo. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huku maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96, hayafiki 100 ya pwani. Maharage yanawaambia hivyo hivyo. Mwenye presha kuka halimhusu sana. Muundi wake utaiva kwa dakika 50 hivi.

Shingo na kidari navipika kwa njia hiyohiyo, ila navimalizia kwa rosti ya nyanya. Kidari kina mafuta yake, usiongeze mengine.

Jambo ambalo sijasikia watu wakilisema ni friji. Nyama ya machinjio ya alfajiri tunaifikia saa mbili asubuhi ikiwa bado na joto. Tunajisifu ni fresh, tunaitia moja kwa moja kwenye friza. Misuli ya mnyama hukaza baada ya kuchinjwa kisha huachia taratibu, na ikipigwa baridi kali kabla haijamaliza kukaza, hujikunja na kubaki ngumu. Mimi nyama ya kukaanga naiacha ipoe, naifunika, naiweka sehemu ya chini ya friji, pale pasipogandisha, siku mbili. Nakaanga siku ya tatu. Jaribuni kwa paja la ng'ombe yuleyule, nusu hivi na nusu vile, mtaona. Nyama ya supu haihitaji kusubiri hivyo.

Papai bichi linasaidia kweli, kwa sababu utomvu wake una kimeng'enya kinachokata nyuzi za nyama. Lakini nimeona watu wakilaza nyama kwenye papai usiku kucha kwa ajili ya mishkaki, asubuhi nje imekuwa uji na ndani bado ngumu. Kijiko kimoja cha papai lililosagwa kwa kilo, nusu saa hadi saa moja, inatosha. Na kwa mishkaki omba nyama ya mgongoni au paja la ndani. Iweke kiganjani, tazama nyuzi zinaelekea wapi, kisha kisu kizikatize. Ukikata kufuata nyuzi, mlaji atazivuta kwa meno, hata kama umetumia papai zima.

Nundu naomba muithamini. Ina mafuta yaliyojipenyeza katikati ya nyama, na ikichomwa mbali kidogo na makaa, upande wa mafuta ukiangalia moto kwanza, inajipaka mafuta yenyewe. Wanaokwenda mnadani Msalato Jumamosi wanaijua. Mwambieni muuza bucha awawekee mapema, kwa sababu ng'ombe mmoja ana moja tu.

Tukirudi kwenye muundi: supu ikibaki usiku, msiimwage wala msiirudishe motoni kabla hamjaifunua asubuhi. Ikiwa imeganda na inatikisika kama jeli, moto wenu wa jana ulikuwa sahihi. Banduo la mafuta la juu mama mkwe huliweka kwenye kikopo akaungia mlenda, na iliyobaki huipasha kwa chapati za watoto kabla hawajaenda shule.