Jiko la mkaa hemani: moshi kuisha si usalama

Mkuu, umeuliza kama mkipiga kambi ukingo wa Ngorongoro mnaweza kuingiza jiko la mkaa hemani likishaacha kutoa moshi, zipu ikiachwa wazi kidogo. Hapana. Mkaa uliokolea, mwekundu wenye majivu meupe juu, bado unatoa gesi ya sumu, kaboni monoksidi, kwa wingi. Moshi ni kitu kingine kabisa. Gesi hii haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Zipu iliyofunguliwa kiganja kimoja haisaidii, na hema likilowa mvua kitambaa huzidi kuziba hewa.

Jiko la gesi nalo si la kuotea moto ndani. Hewa ikipungua, mwali wa bluu hugeuka njano na sufuria huanza kushika masizi. Ukiona hivyo, zima.

Pikieni nje, mita kadhaa kutoka mlangoni, na jiko lilale hukohuko: majivu yanayoonekana yamekufa huficha makaa kwa saa nyingi. Baridi ya kule ni kali kweli, lakini chupa ya maji moto ndani ya begi la kulalia inatosha. Wanaolala garini wafunge king'ora cha kaboni monoksidi.

Kichwa kikiuma, kizunguzungu na kichefuchefu bila homa, hasa mkiugua pamoja, tokeni nje wote, kisha hospitali yenye oksijeni. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni msikiamini. Kinaweza kusoma asilimia 98 mtu yuko hoi, maana hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hiyo.