SSH baada ya kuweka Linux upya: maswali yenu

Nimeweka Linux upya kwenye seva. Nikiingia kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye mashine ya mbali) napata onyo kwamba utambulisho wa mashine umebadilika. Nimedukuliwa?

Yaelekea hapana. Seva imejitengenezea funguo mpya za utambulisho, yale mafaili ya /etc/ssh yanayoanza na ssh_host_, ilhali kompyuta yako bado inaukumbuka ule wa zamani kwenye ~/.ssh/known_hosts. Ila usilipuuze: onyo hilohilo ndilo utakaloliona siku mtu akijipenyeza kati yako na seva. Fungua konsoli ya seva yenyewe, andika `ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub`, unakili mfuatano unaoanza na SHA256, ambao ni alama ya ufunguo wa seva. Kwenye kompyuta yako futa kumbukumbu ya zamani kwa `ssh-keygen -R` na jina la seva, kisha ingia tena. Ukiulizwa kama unaendelea, usikimbilie kuandika yes. Bandika ule mfuatano. OpenSSH (programu ya SSH) za miaka ya karibuni zitalinganisha zenyewe, na usipolingana hupiti.

Mwenzangu ameweka StrictHostKeyChecking no (SSH isikatae utambulisho usiojulikana) na kuielekeza known_hosts kwenye /dev/null (faili lisilohifadhi chochote). Nimuige?

Hapana, tafadhali. Kwa mpangilio huo seva yoyote itakayojibu itaaminiwa, na nywila yako itapokelewa na yeyote aliye upande wa pili.

Naweza kuweka Linux upya bila kuwasumbua watumiaji na onyo hilo?

Ndiyo. Kabla ya kufuta diski, nakili mafaili ya ssh_host_ mahali palipofungwa kwa usimbaji, uyarudishe baadaye. Mmiliki awe root (msimamizi mkuu) na funguo za siri ziwe na ruhusa 600 (mmiliki pekee azisome na kuziandika); zikiwa wazi kwa wengine, sshd, programu ya SSH upande wa seva, itakataa kuzipakia. Lakini kama unafuta seva kwa sababu ilivamiwa, usirudishe chochote: hesabu funguo hizo zimeibwa.

Ufunguo wangu binafsi nao unakataliwa.

authorized_keys, faili la seva linaloorodhesha funguo zinazoruhusiwa kuingia, ilifutika pamoja na folda yako ya nyumbani. Irudishe, folda .ssh iwe 700, faili 600.

Tuna maabara ya mashine nyingi zinazofutwa mara kwa mara kutoka nakala moja ya diski.

Kwanza hakikisheni nakala hiyo haina funguo ndani yake, maana mashine zote zitakuwa na utambulisho mmoja. Amri `ssh-keygen -A` hutengeneza mpya kwa kila moja. Halafu tumieni vyeti. Ufunguo mmoja mkuu, unaotunzwa mbali na mashine hizo, unasaini funguo za kila mashine, cheti kinatajwa kwenye sshd_config (faili la mipangilio ya sshd) kwa HostCertificate, na watumiaji wanaweka mstari mmoja tu wa @cert-authority kwenye known_hosts. Mashine ikiwekwa upya inasainiwa tena, na mtumiaji haoni onyo.