Injini nyeusi ibaki nyeusi: jibu kuhusu picha za HDR za treni za mvuke

Ndugu muuliza swali, umesema ulipiga picha tatu za JPEG za injini ya mvuke iliyohifadhiwa ndani ya banda, ukaiachia programu iziunganishe kwa HDR (mbinu ya kuchanganya picha za mwanga tofauti kuwa moja inayoonyesha sehemu angavu na za giza pamoja), ukapata kitu kinachofanana na mwanasesere wa plastiki: nyeusi imegeuka kijivu, dohani imezungukwa na utepe mweupe, na mlango wa banda ungali umeungua kwa mwanga, mweupe mtupu. Kosa hilo nililifanya kwa zaidi ya mwaka mzima, na kila nilipolirudia niliilaumu programu, kumbe sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa imeanzia kwenye kamera kabla sijafungua kompyuta.

Nianze na hesabu ya mwanga, kwa sababu hapo ndipo picha zako tatu zilipozidiwa. Katika banda moja nililopigia picha mara nyingi, nikiweka lenzi kwenye f/8 (kipimo cha upenyo wake) na ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kamera kuupokea mwanga), uwanja unaoonekana kupitia mlango ulio wazi ulihitaji shata, kilango cha kamera, ifunguke kwa sekunde 1/500, ilhali chuma kilicho nyuma ya magurudumu kilihitaji sekunde 2 nzima. Tofauti hiyo ni kama mara 1,000, yaani stopu 10, kwa kuwa kila stopu moja huzidisha mwanga mara mbili. Picha tatu zinazoachana kwa stopu mbili mbili, tuseme 1/125, 1/30 na 1/8, zinatembea stopu 4 tu kati ya hizo, na kwa kuwa ulipiga kwa JPEG, ambayo hubakisha sehemu ndogo tu ya kile kihisi cha kamera kilichokiona, programu haikuwa na cha kuokoa mlangoni wala kwenye magurudumu. Mimi hapo hupiga sita: 1/500, 1/125, 1/30, 1/8, 1/2 na sekunde 2. Kwa faili za RAW, zinazohifadhi data ghafi ya kihisi, hasa kwa kamera ambayo kihisi chake hufikia takribani stopu 14 kwenye ISO ya chini, unaweza kutosheka na chache zaidi, lakini picha ya ziada haikugharimu chochote ukishasimamisha tripodi.

Njia ninayoifuata kupata vipimo hivyo ni ya kizamani kidogo. Sipimi injini kwanza. Naipima sehemu angavu kuliko zote, natafuta kasi ya shata ambayo histogramu yake (grafu ya mwanga, giza kushoto na angavu kulia) haigongi ukuta wa kulia, kisha nashuka hatua kwa hatua hadi picha ambayo giza la chini ya injini limeachana na ukuta wa kushoto. Kinachobadilika ni shata peke yake. Ukibadilisha upenyo wa lenzi, kina cha ukali (eneo linaloonekana wazi mbele na nyuma ya fokasi) kinabadilika na kingo hazitalingana. Fokasi iwe ya mkono, rangi ya mwanga ifungwe kwenye kiwango kimoja, na kitulizaji cha lenzi kizimwe. Shata ifyatuliwe kwa rimoti au kwa kuchelewesha sekunde 2, kwa kuwa kidole chako hutikisa tripodi kuliko unavyodhani.

Taa za banda zilinitesa peke yake. Penye umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, taa za mirija za kizamani humetameta mara 100 kwa sekunde bila jicho kugundua, na shata yenye kasi hukamata kipande tu cha mmeto huo. Picha yangu ya 1/125 ilikuja na michirizi ya manjano iliyokata paa, ile ya 1/8 ikaja safi, na zilipounganishwa boila lote likapata mabaka ambayo nilidhani ni kutu. Tangu hapo naomba taa zizimwe ikiwezekana. Isipowezekana, hufunga lenzi kidogo kabla ya kuanza mfululizo ili picha zinazobeba sehemu ya ndani zote ziwe za polepole kuliko 1/50, na ile ya kasi naitumia kwa mlango peke yake, ambako mwanga ni wa jua.

Sasa hiyo nyeusi iliyogeuka kijivu. Programu ya HDR haijui kwamba inatazama injini nyeusi. Inaona eneo kubwa lenye giza na inahisi wajibu wa kulifukua. Kabla hujagusa kitelezi chochote, itazame injini yenyewe kwa makini, kwa maana nyeusi yake si moja. Sanduku la moshi lililo mbele mara nyingi halina mng'ao, linameza mwanga kama makaa. Boila lililopigwa msasa na rangi ya kung'aa hubeba mstari mrefu wa samawati kutoka angani au dirishani, na ribiti zake (misumari ya kuunganishia mabati) huonekana kwa sababu kila moja ina nukta ndogo ya mwanga juu na kivuli chembamba chini. Vyuma vinavyounganisha magurudumu vina mafuta, hivyo nyeusi yao imelowa. Ukivifukua vyote kwa kiasi kimoja, tofauti hizo zinakufa, na ndiyo maana unaona plastiki. Mimi huchagua mahali pawili ambapo naruhusu giza kamili, mdomo wa dohani na pengo lililo nyuma ya gurudumu kubwa, kisha nainua vivuli vingine hadi ribiti zisomeke, na hapo nasimama, hata kama programu inaniambia bado kuna maelezo ya kuchimbwa.

Utepe mweupe kando ya dohani una sababu yake. Vitelezi vya kukoleza undani hulinganisha kila nukta na majirani zake walio ndani ya mduara fulani; kwenye ukingo ambapo chuma cheusi kinagusa anga angavu, mduara huo unachanganya pande mbili zisizohusiana, na anga iliyo karibu na chuma inabaki nyeupe wakati anga ya mbali inatiwa giza. Punguza nguvu yake kwanza, kisha jaribu kubadilisha ukubwa wa mduara. Ukingo ukibaki mkaidi, achana na HDR ya kiotomatiki hapo na uchukue anga kutoka picha yenye giza, uipake kwa mkono kwa maski, yaani kifuniko kinachochagua sehemu ya picha itakayoonekana. Si udanganyifu mpya: Mfaransa Gustave Le Gray aliunganisha negativu mbili, moja ya bahari na moja ya mawingu, katika miaka ya 1850, kwa sababu vioo vya wakati wake havikuweza kushika vyote pamoja. Hesabu ya kuunganisha picha za dijitali ilikuja baadaye sana; andiko la Debevec na Malik la mwaka 1997 ndilo lililoieneza.

Ndani ya kibanda cha dereva ndipo mbinu hii inapolipa kuliko popote. Kuna geji za mvuke zenye vioo, vishikio vya shaba, mlango wa tanuri uliojaa masizi, na madirisha mawili yanayomwaga mchana. Katika picha yangu angavu, namba za geji zilikuwa zimefutika kwa mng'ao wa kioo. Katika ile ya giza, sindano iliyolala kwenye sifuri ilionekana pamoja na mkwaruzo uliopita juu ya namba. Niliiweka geji hiyo kutoka picha ya giza, na sehemu nyingine yote kutoka mbili za kati.

Iwapo injini ina moto na inatoa mvuke, mambo ni mengine. Mvuke haungoji, picha tano zitakupa mawingu matano, na programu itayashona kama viraka. Chagua picha moja ambayo mvuke haujaungua, iwe ndiyo pekee inayochangia mvuke, na nyingine zichangie chuma. Kumbuka pia kwamba injini iliyosimama inaweza kutetemeka pampu yake ya hewa ikipiga, kwa hiyo kagua ribiti kwa kuzikuza kabla hujaondoka.

Na ikiwa treni inatembea, sahau mfululizo wa picha. Piga RAW moja, ipimie mvuke mweupe, kisha inua vivuli stopu mbili hadi tatu baadaye. Kutoa nakala tatu kutoka RAW moja na kuziunganisha hakuongezi hata chembe ya mwanga ambayo haikuwemo.

Ukiweza, weka hapa zile picha zako tatu kabla hazijaunganishwa. Nataka hasa kuona ile yenye giza zaidi: kama ukingo wa mlango umeungua hata humo, hakuna kitelezi kitakachokusaidia, itabidi urudi bandani na shata ya kasi zaidi.