Wiki ya kupumzika imeniondolea nguvu?

SWALI: Nanyanyua vyuma hapa Mtwara. Baada ya wiki tano ngumu nilipumzika wiki nzima bila kugusa chuma, chakula nacho nikapunguza. Niliporudi, kilo 100 nilizokuwa nachuchumaa nazo mara 5 zilinishinda mara ya 3. Nguvu zimekwenda wapi? — Msomaji, Chikongola

JIBU: Hazijakwenda popote, ndugu yetu. Misuli haipotei kwa wiki moja. Kilichopungua ni wepesi wa mishipa ya fahamu kuiamsha misuli kwa uzito mkubwa, na hilo ndilo hufanya chuma kiwe kigeni mabegani. Halafu ulikula kidogo: wanga na maji vilivyohifadhiwa kwenye misuli vimeshuka. Hapo ndipo ulipokosea zaidi. Wiki ya kupumzika, ugali wa muhogo na samaki vibaki palepale.

Safari ijayo usiache chuma kabisa. Punguza seti (awamu za kurudia zoezi kabla ya kupumzika), siyo uzito sana: badala ya seti 5 za mara 5 kwa kilo 100, fanya seti 2 za mara 3 kwa kilo 85 hadi 90.

Siku ya kurudi, pasha mwili polepole: chuma kitupu cha kilo 20 mara 8, 50 mara 5, 70 mara 3, 85 mara 1. Kisha seti 3 za mara 5 kwa kilo 92.5. Kilo 100 zijaribu zoezi linalofuata.

Ukiona mazoezi matatu yamepita na bado mzito, tazama usingizi. Na kama viungo vinauma au una homa, kapime malaria kwanza.