Uliza Ujibiwe: Fomula wanazijua, lori linawashinda

Nafundisha mekanika mwaka wa kwanza, wanafunzi 280. Maswali ya kukokotoa wanapata. Nikiwauliza kwa maneno tu, lori na bajaji zikigongana ipi inapata kani (msukumo) kubwa, karibu wote wanasema bajaji, kumbe ni sawasawa. Nikiuliza "mmeelewa?" wanaitika ndiyo. Chuo hakina vifaa vya elektroniki vya wanafunzi kupigia kura majibu. Nianzie wapi?
*Mhadhiri msaidizi, Mbeya*

Anza kwa kuacha kuuliza "mmeelewa?". Mtu aliyeketi katikati ya wenzake 279 ana jibu moja tu la swali hilo.

Ugonjwa wa lori aliukuta pia Eric Mazur wa Harvard, na mwaka 1991 akaanza kufundisha kwa maswali ambayo kila mwanafunzi anajibu peke yake, kisha anabishana na jirani. Vifaa visikuumize kichwa. Nathaniel Lasry wa Kanada alilinganisha vibonyezo vya elektroniki na kadi za karatasi mwaka 2008, hakuona tofauti ya maana katika walichojifunza wanafunzi.

Kwa darasa lako rimu moja ya A4 inatosha na kubaki. Kila karatasi igawe robo nne, kila robo herufi moja kubwa, A hadi D, zote upande mmoja. Ikikunjwa mara mbili herufi zikiwa nje, moja inakutazama wewe na nyingine inalala kifuani kwa mwenye kadi. Kifuani ndipo pa kuishikia, isipande juu ya kichwa, la sivyo safu ya nyuma itaanza kudesa.

Onyesha swali, kaa kimya dakika moja na nusu. Kimya chako ni muhimu kuliko chao: wahadhiri wengi huanza kutoa dondoo sekunde ya ishirini. Hesabu mpaka tatu, kadi zote zitoke kwa pamoja. Usihesabu 280, chukua watu kumi wa mbele, kumi wa katikati, kumi wa nyuma (mbele peke yake watakudanganya). Kati ya hao 30, waliopatia wakiwa chini ya 9, eleza upya, kwa maana kujadiliana watakuwa wanaazimana makosa. Zaidi ya 21, fafanua kwa ufupi uendelee. Wakiwa kati ya hapo, sema: "Tafuta jirani mwenye herufi tofauti na yako, mshawishi." Dakika tatu, kura ya pili, kisha eleza jibu sahihi na yale mabaya yanayovutia. Usiwatajie matokeo ya kura ya kwanza kabla hawajajadiliana. Wakishajua wengi wamechagua A, ubishi umekwisha, watahamia A.

Waache wabishane kwa Kiswahili hata kama mhadhara ni wa Kiingereza, lakini tega sikio kwenye neno "nguvu". Mitaani neno hilo linabeba kani, nishati, umeme na ubavu wa mtu. Anayesema "lori lina nguvu zaidi" huenda anazungumzia tungamo (wingi wa maada, zile kilo), au uharibifu alioushuhudia barabarani. Muulize: nguvu ipi? Kisha weka namba ubaoni. Lori tani 10, bajaji na abiria wake kilo 400, kani kati yao niutoni 40,000 kila upande. Lori linapata mchapuko (kasi yake kubadilika kila sekunde) wa mita 4 kwa sekunde mraba, bajaji, 100. Alichokiona mwanafunzi ni kweli, bajaji ndiyo iliyopondeka. Amekiita kani wakati ni mchapuko.

Maswali matatu ya namna hiyo yanakula nusu saa. Silabasi nitaimaliza lini? Mkuu wa idara ameshaanza kuniuliza.
*Mhadhiri wa kemia, Kampala*

Hutaimaliza ukiendelea pia kusoma slaidi zote. Kinachohama ni usomaji: toa kurasa tano hadi nane siku mbili kabla, na maswali mawili mepesi pamoja na la tatu lisilobadilika, "Ni wapi pamekutatiza?" Majibu yafungwe usiku wa kuamkia kipindi, alama chache kwa aliyejibu, hata akikosea. Pitia majibu 20 tu asubuhi. Ndimo utakamochota maswali ya kadi. Kosa la kawaida ni kuingia darasani na kufundisha upya kurasa zilezile. Wiki ya tatu hakuna atakayesoma tena.

Mkuu wa idara mpe hesabu ya sapu, mitihani ya kurudia kwa waliofeli. Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za sayansi, uhandisi na hisabati mwaka 2014: waliofeli kwenye mihadhara mitupu walikuwa asilimia 33.8 kwa wastani, na palipokuwa na ushiriki wa wanafunzi 21.8.

Mhadhiri wetu wa saketi siku hizi anatupa maswali tujadiliane. Tunahisi hatufundishwi. Tumlalamikie?
*Mwanafunzi wa uhandisi, Dodoma*

Subirini kidogo, ndugu. Jambo hili limepimwa Harvard na kuchapishwa 2019: wanafunzi wa fizikia waliofanya kazi kwa vikundi walidhani wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mtamu, lakini kwenye mtihani ndio waliopata zaidi. Mhadhara mzuri unateleza masikioni, ukadhani umekwisha kuingia kichwani. Jipime: siku mbili baada ya kipindi, funga daftari, chora saketi na utafute mkondo kila tawi. Ukikwama, andika umekwama kwenye hatua ipi.

Malalamiko yenu yana haki upande mmoja. Kama mhadhiri haelezi chochote baada ya mjadala, amefanya nusu ya kazi. Mwombeni dakika tano za mwisho za kila swali.

Nitajuaje mbinu mpya imefaa, na si kwamba mtihani ulikuwa rahisi?
*Mhadhiri, Mombasa*

Kwa mekanika lipo jaribio la dhana za kani lililotolewa 1992 na David Hestenes na wenzake. Toleo la sasa lina maswali 30 ya kuchagua, dakika 30. Litoe wiki ya kwanza na wiki ya mwisho. Tafuta ongezeko: asilimia ya mwisho toa ya mwanzo, gawa kwa 100 toa ya mwanzo. Darasa lililotoka 40 hadi 64 ni 24 kwa 60, yaani 0.40. Richard Hake alipokusanya kozi 62 mwaka 1998, za mihadhara mitupu zilikuwa 0.23 kwa wastani, za ushirikishi 0.48.

Usilitolee alama za kozi, na kusanya karatasi zote, hata iliyochanika. Likishaingia kwenye simu za wanafunzi halipimi tena. Waliofanya mara moja tu waondoe kwenye hesabu: wanaoacha kozi katikati mara nyingi ni wale walioanza chini, na kutokuwepo kwao kutakupa ongezeko ambalo hukulifanyia kazi.